Chuma Chenye Mkia

Gendabi,
14 Juni 1986

Shangazi Verediana,

Shikamoo. Huku kwangu hatujambo. Filomena anakusalimu, watoto wanakula kuliko wanavyokua, na mimi mwenyewe siumwi kitu ila aibu ya kukaa kimya tangu Pasaka. Natumaini goti lako limeacha kutabiri mvua, au kama bado linatabiri, basi angalau linapatia.

Hapa kwenye shamba la ngano wamenibadilishia kazi. Ulijua napaka grisi kombaini. Sasa natembea na mashine ya kunusa chuma. Ni fimbo yenye sahani chini, na juu kuna masikio ya kuvaa kichwani. Ukipita juu ya chuma kilichofukiwa inalia. Wageni wa karakana waliileta kwa sababu kipande cha chuma kikimezwa na kombaini visu vinakatika, na msimu mzima unasimama kumsubiri fundi. Watu wa Gendabi wameiita Mbwa. Nikipita njiani wananiuliza, "Urban, Mbwa amekula?"

Amekula, shangazi, na amenitia matatani. Kwenye kipande kipya, kile walichokiongeza msimu wa juzi upande wa bondeni, Mbwa alilia mpaka nikafikiri ameharibika. Nikachimba. Nikapata vyuma vya zamani, kutu tupu, kikapu kizima. Kila kimoja ni urefu wa shibiri hivi. Upande mmoja kimechongoka, upande wa pili kimelazwa bapa na kuvunjikavunjika kama sikio la mbuzi aliyepigana. Fundi hajui ni nini. Wageni wa karakana hawajui. Mimi nikafanya kama nilivyoagizwa, nikavipeleka kwa Michael, mkuu wa ulinzi.

Michael anajua. Michael huwa anajua kabla hujamaliza sentensi. Amesema ni miiba iliyopandwa makusudi kuvunja kombaini, maana chuma kama hicho kilishavunja visu siku ya kwanza ya kukata. Na aliyepanda ni Gidabuday, kwa kuwa kipande hicho kipya kilifunga njia yake ya kwenda majini naye alilalamika mbele ya watu. Juzi wamemkamata. Ng'ombe wake wote wamefungiwa kwenye uwanja wa shamba.

Gidabuday ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mtoto wangu wa mwisho alikua kwa maziwa ya boma lake. Na usisahau kwamba ndiye anayetuchungia ng'ombe wetu, pamoja na yule mtamba wako mwekundu, ambaye sasa naye yuko kizuizini bila kusomewa shitaka. Gidabuday mwenyewe aliwaambia polisi, "Chuma ninacho kimoja, mkuki, na huo siupandi." Hawakucheka.

Kesi ni tarehe 21 Julai, mahakama ya mwanzo, Katesh. Akishindwa atafungwa, na ng'ombe watauzwa kulipia visu. Mimi nimeitwa kuwa shahidi, lakini upande wa mashtaka, kwa sababu ndimi niliyeviokota.

Nyuma ya karatasi hii nimekilaza chuma kimoja nikakizungushia penseli. Waonyeshe wazee wa huko. Pengine yupo anayekijua.

Mwanao,
Urban


Masieda,
25 Juni 1986

Mwanangu Urban,

Marahaba. Mimi mzima. Goti linatabiri, ila mvua ndiyo haifuati. Umri wangu unasonga mbele na meno yanabaki nyuma, vinginevyo sina malalamiko.

Kwanza pokea hiyo kandambili ya tairi niliyofunga pamoja na barua hii. Kosa ni lako. Unajua mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo, na barua naimaliza kwa siku mbili nikipumzika kwenye koma. Sasa nilipoifungua niliona kwanza mgongo wake, na penseli imezunguka kitu. Huku kwetu mtu akituma karatasi iliyozungushiwa penseli anataka viatu. Nikaipeleka kwa Hhando mkata kandambili kabla sijafika kwenye neno "miiba". Hhando akageuza karatasi mara tatu. "Mama," akaniuliza, "mtoto huyu kisigino chake kimechongoka hivi tangu kuzaliwa?" Nikamwambia akate, ugonjwa wa ukoo wetu haumhusu. Akakata. Ndiyo hiyo.

Baada ya kusoma mpaka mwisho nilikaa chini. Kumbe ni Gidabuday. Nitafanya kazi hii kwa ajili ya haki, na kwa ajili ya mtamba wangu. Ukitaka kupanga vingine, panga.

Nimeanza kuonyesha. Jumapili baada ya ibada niliuliza wazee kwa adabu: "Baba zangu, hiki ni nini?" Hilo lilikuwa kosa la pili. Mzee ukimwuliza swali, anakupa hekima. Mmoja amesema ni mkuki wa Wajerumani. Wa pili amesema ni ufunguo wa sanduku la Wajerumani lenye dhahabu, na akataka kujua shamba liko wapi hasa. Wa tatu amesema ni kitako cha msalaba. Mchungaji amesema tuombe.

Nimebadilisha njia. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, na nimeona jambo moja: ukiwauliza hawajui, lakini ukikosea wote wanajua. Kwa hiyo sasa siulizi tena. Nakosea. Jana kisimani nilisema kwa sauti kwamba huu ni mshipi wa punda. Wanawake watatu waliacha ndoo kunisahihisha. Jibu sahihi halijapatikana, ila angalau wameanza kuangalia karatasi badala ya kuniangalia mimi.

Niambie jambo hili: hivyo vyuma vilikaaje ardhini? Vilitawanyika kama mbegu iliyomwagwa na mlevi, au vilijipanga? Vilisimama au vililala? Mwiba na kitu kilichodondoka havikai sawa.

Msalimu Filomena. Mwambie Gidabuday, kama wanakuruhusu kumwona, kwamba Masieda kuna mtu anakosea kwa ajili yake kila siku.

Shangazi yako,
Verediana


Gendabi,
3 Julai 1986

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo sote. Kandambili imefika. Haimwingii yeyote, lakini kuku ameitagia.

Swali lako limenifanya nirudi shambani. Joakimu, bwana shamba wetu, yule mgeni kutoka Songea, amenisindikiza. Ni mtu mtaratibu. Anasema yeye ngano anaijua, watu bado anajifunza. Tulitafuta mashimo niliyochimba na kuweka kijiti penye kila shimo. Tuliporudi nyuma kutazama, Joakimu akavua kofia. Vijiti vilikuwa vimenyooka kama safu ya mahindi.

Na si safu moja. Ni mbili. Zinakwenda pamoja kutoka mlimani kushuka bondeni kwenye maji, kama watu wanaokwenda kanisani wawili wawili. Vyuma vingi vilikuwa vimesimama, ncha chini, ila vichache vilivyoguswa na jembe la trekta vimelala au vimeinuliwa juu. Joakimu anasema hicho kilichovunja visu hakikupandwa na mtu. Jembe ndilo lililokinyanyua. Lakini hawezi kuapa, hakuwepo.

Nilimwambia Michael kuhusu safu. Amefurahi. "Umeona?" akasema. "Mhalifu wa kawaida anatawanya. Huyu amepanga." Nimejifunza nisimpe Michael ukweli ambao haujakamilika.

Gidabuday yuko mahabusu Katesh. Filomena alimpelekea maziwa ya mgando. Anasema amekonda, na hakuuliza habari za kesi hata kidogo. Aliuliza kama ng'ombe wananyweshwa. Filomena akamwambia ndiyo. Wananyweshwa kwa ndoo, shangazi, na wanaonywesha ni walinzi waliokulia mjini. Huko uwanjani wanalia mchana kutwa.

Wiki zimeanza kukimbia. Karani wa shamba ameniletea maneno ya kusema mahakamani, yamekwisha kuandikwa: "Niliokota miiba ya chuma." Ameniambia nisiongeze, nisipunguze. Nyumba ninayolala ni ya shamba. Wewe unanielewa.

Je, hakuna aliyekusahihisha mpaka sasa?

Mwanao,
Urban


Masieda,
11 Julai 1986

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Kaa chini usome. Nimeiandika barua hii kwa siku moja bila kupumzika kwenye koma.

Unamkumbuka Akonaay, jirani yangu wa upande wa chini, yule ambaye mikonge yake ya mpakani ina miguu. Kila masika mikonge hiyo inasogea hatua moja kuja kwangu, naye anashangaa pamoja nami. Hatujasalimiana tangu nilipoisaidia kurudi kwao. Kwa hiyo wazee wote wa Masieda nilikuwa nimewakosea isipokuwa yeye.

Juzi ulikuwa msiba kwa kina Qamara. Watu wamekaa, pombe imetembea, Akonaay yuko pembeni na fimbo yake. Nikakaa karibu, mgongo nimempa, nikamwambia Scolastica mke wa Qamara, kwa Kiiraqw safi na kwa sauti ya kutosha: "Mwanangu Urban yuko Gendabi. Kule wakulima hawakuwahi kulima kabla ya serikali. Marehemu baba alisema watu wa ukoo wa Akonaay walijaribu kushuka, wakaona mkuki wa mfugaji mmoja, wakarudi mbio na mbegu mfukoni."

Nyuma yangu fimbo ikagonga chini.

"Nani alirudi mbio?"

Sikugeuka. "Nasema tu nilivyosikia."

"Ulisikia kwa sikio la punda. Baba yangu alilima Gendabi! Mimi mwenyewe nimelima Gendabi, nikiwa kijana, misimu mitano, na mtama wetu ulikuwa mrefu kuliko baba yako!"

"Kama mlilima," nikamwambia, "alama iko wapi? Mahali mtu alipolima pana mpaka. Pale hapana hata jiwe."

"Kwa sababu pale hapana mawe, wewe mwanamke! Ni udongo mtupu. Tukipanda miti, mchwa wanakula kabla hatujafika nyumbani. Tulipanda mikia!"

"Mikia ya nini? Ya mbuzi?"

"Ya majembe!"

Urban, nilitaka kumkumbatia, lakini ningeharibu kazi.

Sikiliza. Jembe la zamani, la mhunzi, halikuwa na tundu kama haya ya dukani. Lilikuwa kama jani, na nyuma lina mkia mrefu uliochongoka. Mkia ndio uliopita kwenye kichwa cha mpini. Jani likilimiwa miaka na miaka linaisha, linaisha, mpaka unabaki mkia na kipande cha sikio. Hicho ndicho ulichochora. Nami jembe la namna hiyo nimeliona kwa mama yangu nikiwa mtoto, lakini nililiona zima. Mtu anayemfahamu jogoo uani hawezi kuitambua shingo yake kwenye mchuzi. Akonaay anasema walikusanya mikia ya ukoo mzima, wakaibeba kushuka nayo, wakaipigilia mpakani. Mchwa hali chuma. Mvua ilipowakataa walirudi Masieda na kuiacha.

Basi si miiba. Ni mikia. Na imekaa pale tangu Gidabuday hajavuliwa nepi, kama wafugaji wanavaa nepi.

Nikamgeukia. "Mzee Akonaay, shikamoo." Akaangalia mbali. Nikamweleza yote: Gidabuday, mahabusu, Katesh. Akasema atakwenda, ila mimi niombe radhi hadharani kwa kuwaita watu wake waoga, pale pale msibani, mbele ya wote.

Niliomba radhi. Nilisimama na kusema yote, sikuruka hata neno. Nilisema kwa Kiswahili. Wake zake wawili waliokuwa pale hawakijui, lakini hilo hakuliweka kwenye masharti.

Nitamleta mpaka Haydom kwa miguu na kwa maombi. Kutoka Haydom kuna basi. Nimemchimbulia pia mpini wa jembe la mama, ulikuwa umeegemeza mlango wa jiko. Tundu lake bado zima.

Shangazi yako,
Verediana


Gendabi,
15 Julai 1986
(kwa mkono wa dereva wa lori la Haydom)

Shangazi,

Shikamoo. Nafupisha, lori linanguruma.

Nilimsomea Joakimu barua yako, akacheka mpaka akakaa juu ya debe. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Michael atajibu kwamba Gidabuday aliokota mikia ya zamani mahali pengine akaipanda mwaka huu. Hapo utasemaje?"

Kwa hiyo jana tulimchukua Mbwa tukafuata safu moja kupanda juu mpaka ilipoishia, tukaendelea mbele kwa mstari uleule. Kama ni mpaka, mpaka hauishii katikati ya ngano. Pale kwenye mgunga mkubwa, ule ambao madereva waliuacha ili wapate kivuli cha kulia chakula, Mbwa akalia. Kinachomliza kiko chini ya mzizi, shangazi. Si pembeni, chini. Mzizi ni mnene kama paja.

Sijachimba. Joakimu amesema tusiguse hata jani. Kikichimbuliwa, kichimbuliwe mbele ya hakimu.

Mlete mzee. Bila yeye nina mti unaolia na jirani aliyefungwa.

Mwanao,
Urban


Haydom,
19 Julai 1986
(kwa mkono wa dereva wa lori la leo, lililojaa)

Mwanangu,

Marahaba. Wazima, ila tumekwama. Basi limekuja likiwa limejaa wagonjwa wanaorudi makwao, na dereva ameona goti langu akanipeleka moja kwa moja kwenye foleni ya hospitali. Nilipokwisha kumwelewesha, basi limeondoka.

Tumelala kwa Fabiola, binti wa mama mdogo. Akonaay amewasimulia nyumba nzima alivyolima Gendabi. Mtama uliokuwa mrefu kuliko baba yangu leo umekuwa mrefu kuliko nyumba. Nimemnong'oneza kwamba mbele ya hakimu ausimamishe kwenye urefu wa kawaida.

Kesho kuna lori la magunia linakwenda Katesh na lina nafasi moja mbele. Nafasi hiyo ni yake. Mimi nikipanda juu ya magunia goti litanishtaki. Nitabaki hapa kwa Fabiola nisubiri barua yako. Akonaay anao mpini, ameufunga kwenye blanketi. Mpokee stendi. Ukimwona, mwamkie kwanza kabla hujamwambia lolote, ukichelewa kidogo atarudi.

Sijawahi kumwombea Akonaay safari njema. Leo nimeomba.

Shangazi yako,
Verediana


Gendabi,
24 Julai 1986

Shangazi yangu Verediana,

Shikamoo, na tena shikamoo. Huku sote wazima, na idadi ya wazima imeongezeka. Ngoja nikueleze kwa mpangilio, kwa sababu mzee Akonaay atafika huko kabla hujaimaliza barua hii, naye ana mpangilio wake.

Hakimu alikuwa mama mmoja mgeni, mtu wa Tabora, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Pembeni yake wazee wawili wa baraza. Kikapu cha vyuma kilikuwa mezani. Gidabuday aliletwa na shuka lake lilelile, amenyooka kama kawaida, ila shuka lilikuwa limemzidi.

Nikaitwa. Polisi aliyeendesha mashtaka akaniuliza, "Ni wewe uliyeviokota hivi?"

"Ndiyo mimi."

"Uliokota nini? Iambie mahakama."

Maneno ya karani yalikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Niliokota mikia."

Watu wakacheka. Mama hakimu hakucheka. Akavua miwani. "Mikia ya kitu gani, shahidi?"

"Ya majembe, mheshimiwa. Na mwenye majembe amekuja."

Michael, aliyekaa mbele, alinitazama kama mtu anayepima nyumba yangu ataichukua nani.

Mzee Akonaay akasimama. Nakwambia kweli, shangazi, urefu wa mtama haukutajwa. Alifungua blanketi akatoa mpini wa bibi. Akatembea mpaka mezani bila kuruhusiwa, akachagua chuma kimoja, akakifuta kutu kwa kidole gumba, akakisokomeza kwenye tundu. Kikaingia. Akagonga mara moja chini, kikakaza. Akainua juu. Wazee wa baraza wakaguna wote wawili kwa pamoja, maana mtu yeyote aliyeona vile aliona jembe, jembe lililokwisha kulima maisha yake yote.

Michael akaomba kusema. "Mheshimiwa, sawa, ni mikia. Lakini mtu anaweza kuokota mikia ya zamani akaipanda jana."

"Hoja nzuri," mama hakimu akasema. Akanigeukia. "Shahidi, unayo ya kujibu?"

"Ninao mti, mheshimiwa."

Basi mahakama ikapanda lori la shamba. Hakimu mbele, sisi nyuma pamoja na Gidabuday na polisi wake. Pale kwenye mgunga nikavaa masikio, nikampitisha Mbwa. Akalia palepale. Hakimu akaomba masikio, akavaa mwenyewe juu ya kilemba, akampitisha. Akatabasamu kidogo. Kisha polisi wakachimba, wakakata mzizi kwa shoka pande zote mbili, wakaugeuza. Chuma kilikuwa kimesimama, ncha chini, na mzizi ulikuwa umekikumbatia umekimeza nusu, mti umeotea juu yake kama nyama iliyofunika mwiba wa zamani. Mama hakimu akapiga magoti udongoni na gauni lake, akagusa.

Michael akaanza, "Labda..."

Mzee mmoja wa baraza akamkata. "Labda alikipanda kabla hajazaliwa."

Hata meneja alicheka, na meneja hacheki mpaka baada ya mavuno.

Ningemaliza hapo ingetosha. Lakini yule polisi alikuwa bado na neno moja. Akasema mpaka wa shamba una mstari mmoja, hapa pana miwili, basi jambo hili lina mashaka. Akasema akimtazama Akonaay. Alikosea, shangazi, na alikosea mbele ya mtu wa Masieda.

"Mistari miwili ni mashaka?" mzee akasema. "Wewe kijana umezaliwa wapi? Huku ni mpaka wa baba yangu. Kule ni mpaka wa baba yake mdogo. Katikati ni njia ya ng'ombe! Hatukuiba ardhi hii. Tuliiomba. Tuliwakuta wenyewe, tukaenda bomani na asali na kondoo, na mzee wao akatuambia: limeni, lakini ng'ombe wangu wasizuiwe maji. Tukamwachia njia kutoka mlimani mpaka bondeni, tukaipigilia chuma pande zote mbili ili watoto wetu wasije wakasahau wakailima." Akamtazama Gidabuday vizuri kwa mara ya kwanza. "Mzee yule alikuwa na kovu hapa kwenye shavu. Alimuua simba wake kwa mkono."

Gidabuday akasema taratibu, "Huyo ni babu yangu." Halafu, "Mimi nilijua tu kwamba ng'ombe wanapita hapa. Sikujua kwamba tulikubaliana."

Yeye na Akonaay wakashikana mikono, na pingu ikiwamo. Polisi aliyefungwa naye ilibidi anyanyue mkono wake pamoja nao.

Hukumu mama hakimu aliisoma palepale, amesimama kivulini. Hana hatia, ng'ombe warudishwe. Kuhusu njia akasema, "Kesi ya njia haiko mbele yangu. Ila meneja ajue kwamba ikiletwa, vyuma hivi vitakuja nayo." Kisha akauliza vielelezo ni mali ya nani. Akonaay akasema ni vya baba yake. "Unataka upewe?" Mzee akasema, "Virudi vilipokuwa. Kazi yao haijaisha."

Tumevirudisha jana, mimi na Joakimu, kila kimoja kwenye shimo lake, tumepigilia chini sana pasipofika jembe. Aliyebeba kikapu ni Michael. Meneja ndiye aliyempangia. Kuhusu nyumba yangu, meneja amesema mtu anayejua chuma kilipo ni bora akae karibu na mashine. Na Joakimu amemwonyesha kwamba kuacha ukanda ule bila kulima ni rahisi kuliko kuagiza visu kila msimu, naye akakubali haraka, kama mtu aliyekuwa anatafuta sababu.

Jana ileile wakafungua geti la uwanja. Watu wa Gendabi walikuwa wamejaa, wakulima na wafugaji, wakingoja Gidabuday aseme neno. Alisimama getini akawaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina, na kila aliyeitwa alitoka. Alipopita wa kwako akamshika mgongo, akaniambia: "Mwambie mama wa Masieda mtamba wake amenona kwenye makapi ya serikali kuliko kwangu. Asije akanilaumu nikimrudisha kwenye majani."

Kisha akawaelekeza bondeni, katikati ya safu mbili za mikia, ambapo ngano ilikuwa imekwisha kukatwa. Ngano ilikuwa imesimama kulia na kushoto, imefika vifuani mwao, na hakuna aliyeuma hata suke, walikuwa wameshanusa maji. Kombaini ilikuwa inakuja upande wetu. Dereva alipowaona akazima injini. Hakuna aliyemwagiza. Akashuka, akaegemea gurudumu, akangoja mpaka yule wa mwisho apite.

Walikunywa mpaka jua likaelemea mlimani, na hatukuwaharakisha.

Mwanao,
Urban